Malkia wa chungu katika jangwa la Sonora: kutembea baada ya mvua, kutega taa, kuchimba au kununua?

Mtu wa Phoenix au Tucson anayetaka kulea kundi la chungu kuanzia malkia mmoja ana njia nne za kumpata. Anaweza kutembea jangwani mvua ya kiangazi inapokatika, anaweza kuwasha taa usiku na kungoja, anaweza kuchimba, na anaweza kununua. Njia hizi hazilingani hata kidogo, wala hazileti chungu walewale. Anayechagua njia kabla ya kuchagua chungu huishia na mdudu asiyeweza kumtunza. Msimamo wangu niuweke wazi tangu sasa: kwa anayeanza, kutembea baada ya mvua kunashinda; taa inafaa kwa chungu fulani na kwa watu fulani; kuchimba sikukubali; na kununua kunatawaliwa na sheria zaidi kuliko bei.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu miji hii miwili ya Arizona ina familia nyingi zinazokizungumza, hasa zilizotoka Kongo, na watoto wao wanauliza juu ya wadudu wa hapa kama ambavyo wazazi wao walikua wakiuliza juu ya siafu na kumbikumbi.

Vile visanduku vya chungu vinavyouzwa kwa ajili ya watoto huja na wafanyakazi peke yao, mara nyingi chungu wavunaji wa majangwa ya Marekani. Hawana wa kuwatagia mayai ya kuendeleza kundi, na baada ya miezi michache wamekwisha wote. Malkia ni habari nyingine. Malkia wa chungu mvunaji mwekundu, *Pogonomyrmex barbatus*, anaweza kuishi miaka 20 au zaidi. Deborah Gordon wa Chuo Kikuu cha Stanford amekuwa akifuatilia makundi ya chungu hao mpakani mwa Arizona na New Mexico tangu 1985, na imeonekana kwamba kundi huanza kutoa chungu wenye mabawa, yaani malkia wapya na madume wanaoruka kwenda kupandana, likishafika miaka mitano hivi. Kwa hiyo unayemwokota leo anaweza kuwa nawe tangu mtoto wako yuko darasa la kwanza hadi amalize chuo. Ukilijua hilo mapema, utachagua kwa makini zaidi.

Mvua kwanza

Jangwa la Sonora hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ya majira ya baridi, ambayo ni nyepesi na ya taratibu, na ya kiangazi, ambayo huja kwa radi na kwa ghafla. Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani huhesabu msimu wa kiangazi kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Kabla ya 2008 walitumia kipimo cha unyevu badala ya tarehe: msimu ulihesabiwa kuwa umeingia pale kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa umande, kilipofika nyuzi 12 hadi 13 za Selsiasi kwa siku tatu mfululizo. Kwa anayetafuta malkia, kipimo kile cha zamani kina faida kuliko tarehe, kwa sababu kinaonyesha hewa imeanza kubeba maji, na chungu hufuata hilo.

Wakati wa kungoja, vijana wenye mabawa, majike na madume, hukaa ndani ya shimo la mama yao. Juu yao udongo ulio wazi juani hupita nyuzi 60 mchana. Malkia aliyekwisha kupandwa akianguka chini ana muda mfupi sana wa kujichimbia kabla hajakauka, na udongo mkavu wa jangwani, ambao mara nyingi una tabaka gumu la chokaa, haupenyeki kwa mataya yake. Mvua inapolowesha udongo, kazi ambayo jana isingewezekana inakuwa ya saa moja au mbili. Ndiyo maana makundi ya eneo kubwa huwatoa vijana wao siku moja, karibu saa moja, kana kwamba wameitwa.

Miaka haifanani. Mwaka 2021 Tucson ilipata zaidi ya milimita 300 katika msimu wa kiangazi, zaidi ya maradufu ya kawaida yake, na waliotembea walipata. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo kwenye nyuzi 43 au zaidi, na msimu mzima haukuiletea hata milimita 5 za mvua, kiangazi kikavu kuliko vyote vilivyorekodiwa mjini hapo. Mwaka wa namna hiyo, njia ninayoipendekeza haina nguvu mjini Phoenix. Itakubidi uendeshe gari kuelekea kusini au uhamie kwenye taa.

Msomaji wa Muscat asiichukue kalenda hii kama ilivyo. Kaskazini mwa Oman mvua nyingi huja majira ya baridi, na ni Dhofar, kusini mwa nchi hiyo, inayopata khareef yake, yaani mvua ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Kanuni ya kufuata udongo uliolowa ni ileile, ila miezi inahama.

Kutembea baada ya mvua

Njia hii ndiyo ya chungu wavunaji, na hawa ndio ninaowapendekeza kwa anayeanza. Ni wakubwa, wanaonekana kwa macho bila shida, wanakula mbegu ambazo ni rahisi kupata na hazinuki ndani ya nyumba, na malkia wa aina za *P. barbatus* na *P. rugosus* hujifungia chumbani mwake na kulea watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake bila kutoka kutafuta chakula.

Saa ina uzito mkubwa. Bert Hölldobler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1976 kuhusu wavunaji wa kusini mwa Arizona, alionyesha kwamba kila aina ina saa yake ya kukutana. *P. maricopa* na *P. desertorum* hukutana asubuhi, kuanzia karibu saa nne. *P. barbatus* na *P. rugosus* hukutana alasiri, kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na mbili. Alionyesha pia kwamba hawaruki ovyo: hukusanyika mahali pamoja, iwe uwanja wa udongo au mti fulani, na mahali hapo hutumika mwaka hadi mwaka, ingawa waliokutana mwaka jana wamekwisha kufa au wamo chini ya ardhi. Kwa mtafutaji hii ni faida ambayo njia nyingine hazina. Ukipapata mara moja, papo mwakani.

Ukifika hapo utaona fujo: madume kwa maelfu wakikimbia ardhini, kila jike limezongwa na kadhaa. Usichukue malkia hapo. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza msimu wao. Jike la mvunaji hupandwa na madume wengi, na halijamaliza hadi lenyewe liamue. Likishamaliza hutoa mlio mdogo wa kusugua viungo vya mwili wake, na madume hulegeza. Kisha huruka tena kutoka pale, hutua mbali kidogo, hukata mabawa yake, na kuanza kutembea likitafuta pa kuchimba. Huyo wa mwisho, asiye na mabawa, aliye peke yake, anayepima udongo kwa kichwa, ndiye wa kuchukua. Mtafute pembezoni mwa mkusanyiko, mita mia na zaidi, kwenye udongo ulio wazi. Utaona pia vilima vidogo vya udongo mbichi, kila kimoja kikiwa na tundu jipya.

Kuna sababu nzito zaidi ya subira hiyo. Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba katika baadhi ya maeneo ya Arizona na New Mexico, *P. barbatus* na *P. rugosus* wana nasaba mbili zinazoishi pamoja, na mtoto wa kike huwa malkia au mfanyakazi kutokana na nasaba ya baba. Malkia akipandwa na dume wa nasaba yake, watoto hao huwa malkia. Akipandwa na dume wa nasaba ya pili, huwa wafanyakazi. Maana yake ni kwamba malkia anahitaji madume wa pande zote mbili, na yule uliyemnyakua mapema, baada ya dume mmoja tu, anaweza kukaa kwenye kichupa chako akitaga bila kupata mfanyakazi hata mmoja. Huwezi kulitambua hilo kwa kumtazama. Kinga pekee uliyo nayo ni kumwacha amalize.

Hasara za njia hii nazitaja bila kuzipunguza. Ya kwanza ni mwiba. Chungu wavunaji wanadunga, malkia pia. Justin Schmidt, mtafiti wa Tucson aliyepanga maumivu ya wadudu katika ngazi ya 1 hadi 4, aliwaweka wavunaji kwenye ngazi ya 3 huku nyuki wa asali akiwa kwenye ya 2. Sumu ya *P. maricopa* ndiyo kali kuliko sumu zote za wadudu zilizopimwa kwa panya. Maumivu hukaa saa kadhaa, ngozi inatoa jasho na vinyweleo vinasimama pale palipodungwa. Mchukue malkia kwa kumwelekezea mdomo wa kichupa aingie mwenyewe, wala usimshike kwa vidole. Mtoto mdogo asipewe kazi hiyo.

Ya pili ni hali ya hewa yenyewe. Unatoka nje wakati wa radi na mafuriko ya ghafla. Makorongo makavu ya hapa hujaa kwa dakika chache kutokana na mvua iliyonyesha milimani ambako hukuiona, na Arizona ina sheria ya tangu 1995 inayoruhusu kumtoza gharama za uokoaji dereva aliyepita kizuizi na kuingia barabara iliyofurika. Ngoja radi iishe. Mara nyingi siku inayofuata mvua ni nzuri kuliko siku yenyewe. Valia viatu vigumu, beba maji mengi, na angalia unapokanyaga, kwa maana nyoka wa kengele nao hupenda jioni ya baada ya mvua.

Ya tatu ni ardhi ni ya nani. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro huruhusiwi kuchukua mdudu bila kibali. Ardhi ya Taifa la Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, ni yao, na hapaingiwi kwa kuwinda bila ruhusa yao. Ardhi ya dhamana ya jimbo nayo ina kibali chake. Kiwanja cha rafiki pembezoni mwa mji, uga wa kanisa au msikiti kwa idhini ya wenyewe, vinatosha kabisa. Wavunaji hawahitaji pori la mbali. Wengi wanaishi kando ya njia za miguu.

Taa usiku

Njia ya pili ina raha yake. Unatundika shuka jeupe, unaweka nyuma yake au mbele yake taa ya urujuanimno, unakaa kitini. Huhitaji kutembea juani, na mzee au mtoto anaweza kushiriki. Chungu wanaokuja ni wa usiku: chungu seremala wa rangi ya manjano, kama *Camponotus festinatus*, na wakati mwingine chungu wa asali *Myrmecocystus mexicanus*, ambaye wafanyakazi wake wengine hugeuka mitungi hai kwa kujazwa utamu tumboni. Wote wawili hawana mwiba. Seremala hawafungwi sana na mvua kubwa kama wavunaji. Jioni yenye joto na unyevu inaweza kuwatoa. Kwa hiyo katika mwaka mkavu, taa ndiyo inayobaki na matumaini.

Tucson inaipa njia hii nguvu kuliko Phoenix, kwa sababu mji na kaunti yake ya Pima wana kanuni za taa za nje tangu miaka ya 1970, zilizowekwa kulinda darubini za Kitt Peak. Anga ni jeusi, na taa yako moja inaonekana mbali. Phoenix inang'aa usiku kucha, na taa yako inapotea kati ya maelfu. Usiku wa mbalamwezi nao hupunguza wadudu. Tafuta siku za mwezi mwandamo.

Sasa ubaya wake, na kwangu ndio unaoishusha. Taa haichagui. Inamvuta jike lililopandwa na ambalo halijapandwa, na inaweza kulitoa njiani kabla halijafika kwenye madume. Shuka litajaa mabawa, na kati ya majike utakayoyapata wengine watataga mayai yasiyo na baba, ambayo kwa chungu hutoa madume tu. Ukitumia taa, usichukue kwenye shuka. Zunguka chini, hatua kumi au ishirini kutoka kwenye mwanga, utafute yule aliyekwisha kukata mabawa. Hata huyo si hakika, lakini uwezekano ni mkubwa zaidi.

Taa pia inaleta wageni wanaochanganya. Kumbikumbi wa hapa huruka katika mvua zilezile, na anayewakumbuka wa nyumbani atawatambua: mabawa manne yenye urefu sawa, kiuno kinene, na pembe zilizonyooka mithili ya shanga. Chungu ana kiuno chembamba kabisa, pembe zilizopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Halafu kuna mdudu mwekundu, mrefu, anayefanana na nyigu, anayegonga taa kwa kelele. Huyo ni dume wa chungu wa msafara, jamaa za siafu, wa jenasi *Neivamyrmex*. Malkia wao hana mabawa na hawezi kupatikana kwa taa, wala kundi lao halifugiki nyumbani. Mwache. Na kwa kuwa unayo taa ya urujuanimno mkononi, mulika ardhi kabla ya kukaa: nge wa Arizona hung'aa kijani chini ya mwanga huo.

Kituo cha mafuta kilicho peke yake ukingoni mwa jangwa hufanya kazi ya shuka bila wewe kubeba chochote. Omba ruhusa kwa mhudumu, tafuta chini ya taa na kando ya ukuta.

Bwawa la kuogelea

Hii naitaja haraka, kwa sababu ni tawi la njia ya kwanza. Phoenix ina mabwawa mengi ya nyumbani, na asubuhi baada ya chungu kuruka, wavu wa kukusanyia takataka huwa na malkia wanaoelea, wengi wao chungu wa moto wa hapa, *Solenopsis xyloni*. Walioonekana wamekufa si wote wamekufa. Walaze kwenye karatasi kavu uwape saa chache. Ni njia isiyo na gharama, lakini chungu wa moto ni wadogo, wanazaana haraka, wanadunga, na wanatoroka kwenye tundu dogo ajabu. Ndani ya nyumba yenye watoto singewaweka.

Kuchimba

Kuna wanaosema: kwa nini ungoje mvua wakati kundi liko pale, unaliona? Kwa sababu kundi la wavunaji lililokomaa lina wafanyakazi elfu 10 hivi, wote wenye mwiba, na shimo lake hushuka zaidi ya mita 2 ndani ya udongo wa chokaa. Malkia yuko chini huko. Utachimba siku nzima, utaharibu kilichojengwa kwa miaka 10 au 15, na karibu kwa hakika utamkosa au utamponda. Ukimwokota malkia mpya aliyetoka kuruka, unachukua mmoja kati ya wengi ambao karibu wote wangekufa wiki hiyo kwa ukame, ndege na mijusi. Ukichimba, unaua mmoja kati ya wachache waliopona, na yule mjusi mwenye pembe anayewategemea wavunaji kwa chakula anapoteza mlo wake wa miaka.

Kuna pia afya yako. Udongo wa Arizona hubeba vijidudu vya ukungu vya *Coccidioides*, vinavyosababisha homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu unaoingia kwa kuvuta vumbi. Kuchimba udongo mkavu kunarusha vumbi hilo usoni. Sioni faida yoyote inayolipa gharama hizi. Kuchimbua tundu jipya la malkia aliyejifungia jana, kina cha kidole au kiganja katika udongo ambao bado umelowa, ni jambo tofauti na nalikubali, ila kwa kijiko na kwa upole.

Kununua

Anayenunua analipia hakika: mara nyingi anapata malkia aliye na wafanyakazi wa kwanza, na aina yake imekwisha kutambuliwa. Kwa mtu mwenye ulemavu wa kutembea, au asiyeweza kutoka nje kwenye joto hili, ni njia ya haki kabisa. Ila lazima muuzaji awe ndani ya Arizona na awe amewakusanya hapa. Kusafirisha chungu hai kuvuka mpaka wa jimbo kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kupitia idara yake ya APHIS, na muuzaji anayekuambia atawatuma kwa posta kutoka jimbo lingine bila kibali anakuingiza kwenye kosa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua hili kwa sura nyingine. Mwezi wa Mei 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12, baada ya kukutwa na maelfu ya chungu, wengi wao malkia wa wavunaji wakubwa wa Afrika, *Messor cephalotes*, waliofungwa kwenye vichupa vyenye pamba tayari kusafirishwa kwenda Ulaya na Asia. Wale malkia walitolewa ardhini mwa nchi kuwa bidhaa, na kila mmoja ni kundi lisilozaliwa. Ukiona malkia huyo akiuzwa Marekani, usimnunue hata kama bei ni nzuri. Jangwa lako lina wavunaji wake.

Chungu yupi, kwa nani

Kwa anayeanza, mtu mzima au kijana mwangalifu: mvunaji, *P. rugosus* au *P. barbatus*, kwa kutembea alasiri. Kwa familia yenye watoto wadogo ningechagua seremala wa manjano, kwa taa, kwa sababu hana mwiba. Ukuaji wake ni wa polepole, na watoto waambiwe mapema. Chungu wa asali ni kwa mwenye uzoefu kidogo. Jamaa yake wa mchana, *M. mimicus*, ana tabia ya malkia kadhaa kuanzisha shimo pamoja kisha kupigana baadaye hadi abaki mmoja, na inavutia sana kufuatilia, ila wanahitaji chakula cha sukari na wadudu kwa uangalifu.

Mkata majani wa jangwani, *Acromyrmex versicolor*, ndiye anayetamaniwa na wengi, na ndiye ninayewaomba wamwache. Huruka asubuhi mapema baada ya mvua kubwa, na malkia huanguka chini ya miti kwa wingi, rahisi kuokota. Lakini malkia huyu hajifungii. Amebeba mdomoni kipande cha ukungu wa kupanda, na lazima atoke kutafuta majani ya kuulisha tangu siku ya kwanza; porini malkia kadhaa hushirikiana bustani moja. Ukungu ukikauka au ukioza, na kwenye vichupa ndivyo inavyokuwa mara nyingi, amekufa naye.

Ukishampata mvunaji au seremala, kichupa kirefu cha kioo kinatosha: maji theluthi moja, pamba ya kuyazuia, malkia, pamba nyingine mdomoni. Mweke gizani, penye joto la nyuzi 26 hadi 29, mbali na mtikisiko wa mlango na redio. Usimpe chakula. Usimfungulie kila siku. Mayai huonekana ndani ya siku chache, na wafanyakazi wa kwanza, wadogo kuliko watakaofuata, baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Hapo ndipo mbegu zinapoingia, ndogondogo, zilizopasuliwa.

Phoenix au Tucson, na mwaka usio na mvua

Anayeweza kuchagua mahali pa kwenda aende kusini. Tucson iko juu zaidi, karibu mita 730 kutoka usawa wa bahari dhidi ya 330 za Phoenix, inapata mvua zaidi, na mvua hiyo huwahi. Phoenix ina mabwawa na ina bustani zinazomwagiliwa, lakini radi nyingi hufika pale zimebaki upepo na vumbi.

Na kwa aliyekosa kiangazi kizima, kuna mvunaji mmoja asiyefuata mvua ya radi. *Veromessor pergandei*, mweusi anayeng'aa, anayetembea kwa misafara mirefu kutafuta mbegu katika nyanda za chini kuanzia Phoenix hadi Yuma, huruka mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa machipuko. Hewa ni ya kupendeza, nyoka wengi bado wamelala, na malkia huonekana kwenye makorongo yenye mchanga uliobaki na unyevu wa Januari. Nenda Februari au Machi, siku tulivu yenye jua, jua likishapasha mchanga joto.